Mnamhukumu Emery kwa miezi 18 ya Arsenal, na mstari wake mnauita kamari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu makala ya ukurasa wenu wa michezo iliyomwita Unai Emery, kocha wa Aston Villa ya England, mfalme wa vikombe vya walioshindwa, na kudai kuwa mstari wake wa mabeki wanaosimama juu, mbali na goli lao, ni kamari inayookolewa na VAR, mwamuzi wa video. Mchambuzi wenu alisimamia hoja mbili: kwamba kibarua cha Emery pale Arsenal kiliota nyasi baada ya miezi 18, na kwamba PSG yake ya Paris ilichapwa 6-1 na Barcelona ikiwa na mtaji wa mabao manne. Yote mawili yalitokea. Ila kocha aliyekaa kwenye benchi tangu msimu wa 2004/05 hapimwi kwa vipande viwili, na hilo la kamari ni kosa la kiufundi. Wapo makocha wa timu za mitaani na za shule wanaosoma ukurasa wenu asubuhi, na jioni huenda kufundisha walichosoma.

Emery hakuupata ukocha kwa jina. Guardiola, Luis Enrique na Xabi Alonso waliingia katika kazi hii wakiwa na makombe tele waliyoyatwaa uwanjani. Yeye, mzaliwa wa Hondarribia, mji mdogo wa Wabaski ulio mpakani na Ufaransa, alicheza mechi 5 tu za La Liga, ligi kuu ya Hispania, akiwa na Real Sociedad. Alikuwa mchezaji wa pembeni kushoto katika ukoo wa makipa: babu yake, Antonio, aliidakia Real Unión ya Irún ilipotwaa Kombe la Mfalme miaka ya 1920, na baba yake, Juan, naye alikuwa kipa. Miaka mingi ya uchezaji wake ilikwisha katika madaraja ya chini, Toledo, Racing Ferrol, Leganés, hadi goti lilipomkwamisha akiwa na Lorca, timu ya daraja la tatu katika mkoa wa Murcia. Katikati ya msimu viongozi wakamkabidhi timu. Wachezaji aliokuwa akivaa nao bukta wiki iliyopita, sasa anawapanga. Msimu ulipoisha Lorca walikuwa wamepanda daraja la pili kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata wakamaliza wa 5 huko. Akaenda Almería mwaka 2006, akaipandisha La Liga kwa msimu mmoja, na msimu wa kwanza wa ligi kuu wakashika nafasi ya 8. Timu ile ilikuwa na Diego Alves golini, Felipe Melo katikati na Álvaro Negredo mbele, majina ambayo wakati huo hayakuwa yakimsumbua mtu yeyote.

Valencia ndiko wachambuzi wengi wanakopita mbiombio, na ndiko kazi yake inakoonekana vizuri zaidi. Alikaa misimu minne, 2008 hadi 2012. Klabu ilikuwa hoi kwa madeni: ujenzi wa uwanja mpya ulisimama mwaka 2009, zege likabaki limesimama bila paa. Akamuuza David Villa kwenda Barcelona na David Silva kwenda Manchester City kiangazi kimoja, 2010, na mwaka uliofuata Juan Mata akaenda Chelsea. Nasema akamuuza kwa mazoea ya lugha tu, maana hakuwa yeye aliyeamua. Pamoja na hayo alimaliza wa 6, kisha wa 3, wa 3, na wa 3 tena. Msimu wa 2009/10 Valencia walipata pointi 71 wakiwa nyuma ya Real Madrid wenye 96 na Barcelona wenye 99. Mashabiki wa Mestalla, uwanja wa Valencia, walimzomea kwa sababu ya pengo hilo la pointi 25, wakisahau kwamba wawili waliokuwa juu walikuwa wakigawana fedha za televisheni kwa utaratibu ambao timu nyingine yoyote isingeweza kuufikia. Winga wake Joaquín alitania kuwa Emery aliwaonyesha video nyingi kiasi kwamba bisi zikamwishia. Utani huo una ukweli ndani yake. Ukocha wa Emery ni wa maelezo: anakata vipande vya mpinzani, anasimamisha picha, anaonyesha mguu wa beki umeelekea wapi, anarudia.

Ndiyo maana Spartak Moscow ilimshinda. Alifika katikati ya 2012, akafanya kazi kupitia mkalimani, na Novemba mwaka huohuo akafungashiwa virago siku aliyofungwa 5-1 nyumbani na Dynamo. Kocha ambaye silaha yake ni maelezo, akinyang'anywa lugha, hana cha kumpa mchezaji ila mbao na kalamu.

Sasa hivyo vikombe mnavyoviita vya walioshindwa, yaani Ligi ya Europa, mashindano ya Ulaya yaliyo chini ya Ligi ya Mabingwa. Alikabidhiwa Sevilla Januari 2013. Ili kutwaa Ligi ya Europa ya 2014, timu hiyo ilianzia raundi ya tatu ya mchujo wa awali ikacheza mechi 19. Katika 16 bora ilifungwa 2-0 nyumbani na mahasimu wao wa mji, Betis, ikarudisha mabao yale mawili ugenini na kupita kwa penalti. Katika nusu fainali dhidi ya Valencia ilikuwa imeshatoka, imefungwa 3-0 Mestalla baada ya kushinda 2-0 kwake, hadi dakika ya 94, mpira mrefu wa kurusha kwa mkono ulipotua kwenye boksi na kichwa cha Stéphane Mbia, Mkameruni, kikamaliza kazi. Fainali ya Turin ikaisha suluhu na Benfica, kipa Beto akapangua mikwaju miwili. Mwaka 2015 ikawa Dnipro, 3-2, mjini Warsaw. Mwaka 2016 ikawa Liverpool, 3-1, mjini Basel. Hakuna timu iliyowahi kulitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo kabla yake.

Ile ya Basel ina kitu cha kutazama kwa karibu. Emery alimpanga Coke, beki wa kulia kwa asili, mbele kama kiungo wa kulia, na nyuma yake akamweka Mariano, beki mwingine wa kulia. Kwa nini mabeki wawili upande mmoja? Upande wa pili kulikuwa na Alberto Moreno, beki wa kushoto wa Liverpool, kijana ambaye Sevilla wenyewe walimlea na kumuuza miaka miwili nyuma. Walijua anapenda kuruka mbele na anachelewa kurudi. Kipindi cha kwanza Liverpool waliongoza kwa shuti la Sturridge. Kipindi cha pili kilipoanza, hata nusu dakika haijapita, Mariano akamzidi Moreno ujanja kwa kumpitisha mpira, akauingiza ndani, Gameiro akasukuma wavuni. Coke akaongeza mawili. Huo haukuwa muujiza wa mapumziko. Ulikuwa udhaifu uliosomwa kabla timu haijapanda ndege.

Haki itendeke pia. Msimu huohuo Sevilla haikushinda hata mechi moja ya ugenini katika La Liga, mechi 19 zote, ikamaliza ya 7. Emery hana majibu ya kila kitu. Mfumo wa kusoma mpinzani mmoja mmoja unalipa kwenye mtoano, ambapo mechi mbili ni mtihani unaojulikana tarehe. Kwenye ligi ndefu, wachezaji wakichoka na maelekezo yakibadilika kila siku tatu, unachosha vichwa. Hili mngeliandika, nisingepinga.

Na PSG? Alibeba makombe 7 katika misimu miwili, ukihesabu ligi moja na vikombe vyote vya ndani alivyotwaa. Lakini alimwacha Monaco abebe ligi ya 2017, na Machi 8 mwaka huo ikatokea ya Camp Nou, uwanja wa Barcelona. PSG walikuwa wameshinda 4-0 Paris. Kufikia dakika ya 62 Cavani alikuwa amefanya ubao usomeke 3-1, Barcelona wakihitaji mabao matatu zaidi; wakayapata dakika ya 88, ya 91 kwa penalti, na ya 95. Ukitaka kujua kosa la kiufundi, tazama mabeki wa Paris walisimama wapi: ndani ya boksi lao wenyewe, karibu mechi nzima. Kila mpira waliouondoa uliokotwa na mtu wa Barcelona mita 25 tu kutoka golini. Timu iliyozama hivyo haina wa kupokea mpira, na inacheza muda wote ikiombea filimbi. Mchambuzi wenu alitumia mechi hiyo kumkejeli. Ningeitumia kueleza kwa nini miaka sita baadaye mabeki wa Emery wanasimama karibu na mstari wa kati.

Arsenal alifika Mei 2018, mwezi uleule Rwanda ilipotangaza kuweka jina lake kwenye mkono wa jezi ya klabu hiyo, kwa hiyo sura ya Emery iliingia mpaka vibanda vyetu vya kuonyeshea mpira. Alimrithi Wenger aliyekaa miaka 22. Akaenda mechi 22 bila kufungwa katika mashindano yote, akamaliza wa 5 na pointi 70, pungufu ya Tottenham kwa moja tu. Mwezi Aprili na mwanzo wa Mei ndipo ligi ilipomponyoka: mechi nne mfululizo, Crystal Palace, Wolves, Leicester na Brighton, aliambulia pointi moja. Kisha akafungwa 4-1 na Chelsea kwenye fainali ya Ligi ya Europa huko Baku. Msimu uliofuata ukaharibika mapema. Klabu ilimsajili Nicolas Pépé kwa pauni milioni 72. Emery mwenyewe alieleza baadaye kwamba alimtaka Wilfried Zaha. Nahodha Granit Xhaka akazomewa na mashabiki wake wakati akitolewa dhidi ya Palace, akavua jezi, akanyang'anywa kitambaa. Mfumo ukawa wa mabeki watatu leo, wanne kesho, kiungo Özil ndani, Özil nje. Waingereza wakamcheka kwa matamshi yake, na kicheko hicho kikafika hadi huku kwa watu ambao Kiingereza chao nacho si cha Malkia. Novemba 29, 2019 akatimuliwa, mechi saba bila ushindi.

Sehemu ya lawama ni yake, hasa kuyumba kwa mfumo. Lakini wekeni na hili kwenye mizani: mrithi wake wa kudumu, Mikel Arteta, Mbaski mwenzake wa Gipuzkoa, alimaliza wa 8 mara mbili mfululizo, akavumiliwa, na leo anasifiwa kwa mradi. Emery alimaliza wa 5 na fainali, akapewa miezi sita mingine tu. Mwaka 2021 akiwa na Villarreal aliitoa Arsenal hiyohiyo nusu fainali, akatwaa Ligi ya Europa kwa kuwafunga Manchester United penalti 11-10. Mikwaju 21 ya kwanza yote iliingia, kipa Rulli akafunga wa kwake kisha akaudaka wa De Gea. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza la Villarreal, klabu ya mji wa watu kama 50,000. Mwaka uliofuata aliwatoa Juventus na Bayern Munich, akaishia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Msimu wa 2023/24, Villa yake iliifunga Arsenal nyumbani 1-0 na ugenini 2-0. Arsenal waliukosa ubingwa kwa pointi mbili.

Nije kwenye Villa. Watanzania wengi tunaikumbuka klabu hii kwa Mbwana Samatta, aliyeifungia bao kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley Machi 2020. Msimu ule Villa walinusurika kushuka siku ya mwisho, wakiwa wa 17 na pointi 35. Oktoba 2022 Emery alipoitwa, walikuwa tena kwenye matope ya mkiani. Wakamaliza wa 7. Mwaka uliofuata, wa 4 na pointi 68, wakarudi kwenye mashindano makubwa ya klabu Ulaya kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1982/83. Aprili 2025 walitolewa robo fainali na PSG kwa jumla ya 5-4, PSG waliokwenda kubeba kombe lenyewe, wakiongozwa na Luis Enrique, yuleyule aliyekuwa benchi la Barcelona usiku wa 6-1.

Sasa huo mstari. Katika uwanja wa urefu wa mita 105, kutoka mstari wa kati hadi ukingo wa boksi ni mita 36. Timu ya kawaida ikipoteza mpira, mabeki wake hurudi hadi karibu na boksi, mita zile 36 zikabaki mbele yao na viungo wa mpinzani wakapata pa kugeukia. Villa wanafanya kinyume: wanaziacha nyuma yao. Faida ya kwanza haihusiani kabisa na kuotea, yaani mshambuliaji kuwa nyuma ya mabeki wakati anapigiwa pasi. Mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili wanakaa ndani ya urefu wa mita 25 hadi 30, kwa hiyo kila pasi ya mpinzani katikati inakuta watu. Kuotea kunakuja baadaye, kama adhabu kwa anayekata tamaa na kupiga mpira mrefu. Eneo tupu nyuma ya mabeki ni chambo: mshambuliaji analiona, anakimbia mapema, kibendera kinapanda. Katika msimu ule wa 2023/24 hakuna timu ya Ligi Kuu ya England iliyowanasa wapinzani kwa kuotea mara nyingi kama Villa.

Mechi ya kusomea ni ya Desemba 6, 2023 dhidi ya Manchester City. Ni kweli Rodri alikuwa amefungiwa. Lakini timu ya Guardiola iliambulia mashuti mawili mechi nzima huku Villa wakipiga 22. Bao la Leon Bailey lilitosha. Kamari haitoi namba za namna hiyo.

Kinachofanya mstari huo usiwe kamari ni kwamba hausogei kwa kubahatisha. Unasogezwa na hali ya mwenye mpira. Akiwa amegeuza mgongo, au ameinamisha kichwa akiutuliza mpira, au ametoa pasi ya nyuma, mabeki wanapanda hatua tatu hadi tano kwa pamoja. Akiinua kichwa akiwa huru, hakuna wa kumbana ndani ya mita mbili, mabeki hawapandi tena: wanageuza miili upande, mguu mmoja nyuma, na kuanza kurudi kabla mpira haujapigwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea kumwiga. Wanaona mabeki wa Villa wakipanda kwenye runinga, hawawaoni wale wawili wa mbele wanaowanyima mabeki wa mpinzani sekunde ya kuinua kichwa. Mshambuliaji Ollie Watkins aliagizwa asitangetange pembeni, abaki katika upana wa boksi. Kwa hilo alifunga mabao 19 na kutoa pasi 13 za mabao katika ligi ya msimu huo, na pia alikuwa karibu na mabeki wa kati wa mpinzani pale mpira ulipopotea.

Yanapoharibika, huharibika kwa sababu zinazojulikana. Mechi ya kwanza ya msimu ule, Newcastle, beki wa kati Tyrone Mings aliumia goti vibaya kipindi cha kwanza, mstari ukapoteza msemaji wa kuuongoza, wakafungwa 5-1. Mei 2024, nusu fainali ya Ligi ya Conference, mashindano ya tatu ya klabu Ulaya, Olympiacos walishinda 4-2 Birmingham, nyumbani kwa Villa, na Ayoub El Kaabi akafunga matatu. Siku hiyo kipa Emiliano Martínez alikuwa anatumikia adhabu ya kadi na Robin Olsen ndiye aliyekuwa golini. Kipa wa timu yenye mstari wa juu ni beki wa tano. Akisimama kwenye mstari wa goli, nyuma ya mabeki panakuwa na uwanja wa watu wengine. Sumu nyingine ni mkimbiaji anayetokea nyuma, kiungo anayeanza mbio akiwa hajaotea wakati mshambuliaji aliyeotea anasimama na kuuacha mpira umpite. Mabeki wakiinua mikono wakamtazama mshambuliaji yule, wamekwisha.

VAR inasaidia, sikatai. Inampa beki uhakika kwamba kidole cha mguu kitapimwa. Lakini Milan ya Arrigo Sacchi ilicheza hivi mwishoni mwa miaka ya 1980 bila kamera ya mwamuzi.

Kwa makocha wa huku, ambao viwanja vyao vingi havina VAR, tahadhari ni ya hesabu. Mshambuliaji akikimbilia goli kwa mita 7 kwa sekunde na beki akipanda kwa mita 3, wanapishana kwa mita 10 kila sekunde. Mshika kibendera akichelewa kuhamisha jicho kutoka kwa mpigaji hadi kwenye mstari kwa sehemu ya tano ya sekunde, picha anayoiona imekosea kwa mita mbili. Kwa hiyo msifundishe mtego wa kuotea wa sentimita. Fundisheni kubana eneo, na mstari usiruke mbele katika sekunde ambayo mpira unapigwa. Uwe umeshapanda kabla. Mabeki wacheze hadi filimbi, hasa kwa kuwa siku hizi washika vibendera wa mashindano yenye VAR huchelewesha kibendera, na vijana wanaowaona kwenye runinga wanadhani ukimya ni ruhusa ya kusimama.

Zoezi lenyewe halihitaji vifaa. Chukua nusu ya uwanja. Weka mabeki wanne na kipa, mbele yao washambuliaji watatu, na nyuma ya hao wapigaji pasi watatu waliotawanyika upana wa uwanja. Ongeza wakabaji wawili wa kuwasumbua wapigaji pasi. Raundi ya kwanza, dakika nne, washambuliaji watembee tu, mabeki wajifunze kusoma: mgongo, panda, kichwa juu na yuko huru, rudi. Raundi ya pili washambuliaji wakimbie. Ya tatu, ondoa mkabaji mmoja bila kuwaambia mabeki, uone nani anagundua kuwa mpigaji sasa yuko huru. Hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani. Mapumziko dakika mbili kati ya raundi. Umbali kati ya beki na beki usizidi mita 10, na msemaji awe mmoja, beki wa kati anayeona uwanja wote, neno moja tu la kupanda na moja la kurudi. Tatizo la kawaida utaliona kwa beki wa pembeni wa upande wa mbali na mpira: anabaki nyuma hatua mbili kwa woga, na kwa hatua hizo mbili hakuna mshambuliaji anayehesabiwa ameotea. Mtazame yeye, usiutazame mpira. Na kama kipa wako hawezi kutoka hadi nje ya boksi na kuucheza mpira kwa mguu, au kama mabeki wako wote wawili wa kati ni wazito, shusha mstari mita 10 uache mengine yote yalivyo. Hata Emery alipohitaji beki wa kati mwenye pasi alimfuata Pau Torres Villarreal, mtu aliyekwisha kumfundisha, hakumlazimisha aliyekuwepo awe asiyekuwa.

Marekebisho madogo kwenye makala yenu, kama mtaona inafaa kuyachapa. Jedwali lilisema Emery ana Ligi za Europa 3 mpaka anafika Villa. Ni 4, Sevilla 2014, 2015 na 2016, na Villarreal 2021. Maelezo chini ya picha yalimwita Mkatalunya. Ni Mbaski wa Gipuzkoa. Na mechi ya Camp Nou ilikuwa Machi 2017. Mliandika 2018, mwaka ambao aliyemtoa alikuwa Real Madrid.

Wako katika michezo,

Mkufunzi wa timu ya vijana, Tanga